Kurudisha jina la baba baada ya talaka: usianze na benki

Mtoto wa mama yangu mdogo katoka Wete na mfuko wa nailoni umejaa karatasi, alipoolewa aliona raha kuandikwa jina la mume kila pahala, sasa kaachika anataka la baba yake. Wengi wetu Zanzibar tabu hii hatunayo, unaolewa binti Khamis unaachwa binti Khamis, lakini waliobadilisha wapo na hakuna anaewaambia waanzie wapi. Sie tulifanya hivi.

1. Eda, ule muda wa kungoja baada ya talaka, iishe kwanza. Talaka ya kwanza na ya pili ni rejea, mume anaweza kukurejea bila nikaha mpya na wewe ushalipia mabadiliko. Eda ni twahara tatu, yaani vipindi vitatu vya usafi wa hedhi, mwenye mimba mpaka ajifungue.

2. Cheti cha talaka. Kile kikaratasi alichokuandikia bwana siku ya ugomvi hakina kazi ofisini, nenda Mahakama ya Kadhi.

3. Herufi. Hapa ndipo tulipoteketea siku mbili. Chukua karatasi zako ZOTE, za skuli, za kliniki, za kazini, uandike kwa peni jina lilivyo kwenye kila moja, herufi kwa herufi. Usiandike kwenye simu, yangu mie ilimgeuza Salma kuwa Salama na sikuiona. Cheti cha kuzaliwa kilisema Khamis, kitambulisho Hamis, cha skuli Khamisi, na jina la babu lilikuwa limepotea kabisa maana la mume ndilo lililokaa pale mwisho. Jina la kurudia ni la cheti cha kuzaliwa, hata kama hulipendi lilivyoandikwa. Halafu wakili anakuandikia vitu viwili, watu wanavichanganya: hati ya dipoli (deed poll) ndiyo inayobadilisha jina, nayo lazima isajiliwe, na kiapo kinasema majina yote yale ni ya mtu mmoja. Kiapo chetu cha kwanza kilisahau Khamisi yenye i, tukarudishwa dirishani, wakili akataka pesa nyengine. Kwa hiyo kisome kwa kidole kabla hakijapigwa muhuri, hata wakili akikunja uso. Na skani kwa skana, picha ya simu yenye kivuli cha mkono wako haifai.

4. Barua ya sheha, yaani kiongozi wa shehia yako, kisha kitambulisho cha Mzanzibari na cha NIDA, kile cha taifa.

5. Laini ya simu, kabla ya benki! Laini imesajiliwa kwa namba ya NIDA na alama za vidole, na benki inatuma ujumbe kwenye laini hiyohiyo. Isitoshe mtu akikutumia pesa linatokea jina la zamani, mteja mmoja wa maandazi aliona jina la mwanamme akaghairi akidhani kakosea namba.

6. Benki, kisha pasi. Kama pasi ya zamani ina viza usiitupe, na tiketi ya ndege usikate mpaka uione mpya.

7. Vyeti vya watoto usiviguse. Jina la mama mle libaki vilevile, weka kopi ya kiapo kwenye faili la kila mtoto.

Tiketi ya boti ya kurudi Pemba tulimkatia kwa jina la mume, kitambulisho kipya kilikuwa hakijatoka. Kanuna mpaka bandari ya Mkoani.