Changu Kwako, Chako Kwangu: Vitabu Kati ya Mzazi na Mtoto

Anza na kitabu cha mtoto. Chako kitafuata. Wengi wetu tuna haraka ya kusema "hiki mimi nilikisoma nikiwa na umri wako", na mtoto akisikia hivyo anajua mawaidha yako njiani. Mwombe akuazime chake, ukisome kweli mpaka mwisho, halafu umrudishie siku mliyoahidiana.

Kijana wangu wa darasa la tano alirudi na kitabu cha dinosaria kutoka maktaba. Mimi ni fundi cherehani hapa Mtwara, mijusi ya kale inanihusu nini? Nikakisoma hivyo hivyo, siku ambayo wateja walikuwa wachache, nikafika kwenye picha ya yule mwenye shingo ndefu aliyesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin. Nikamwita, "Njoo uone, huyu wa kwetu huyu!" Mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913. Wapagazi waliibeba vichwani na mabegani hadi bandarini Lindi, ndipo ikapandishwa meli kwenda Ujerumani. Kitabu chake hakikuwa na habari ya wapagazi. Basi yeye akawa na mnyama, mimi nikawa na watu, tukawa tunabadilishana. Alipoambiwa kwamba mifupa ile ikisimama inapita meta 13 kwenda juu, alichukua futi yangu ya kupimia nguo, yenye sentimeta 150, akaanza kuilaza chini kutoka mlango wa banda. Ilibidi ailaze karibu mara tisa. Akaishia kwa mama wa nyanya, ambaye alitaka kujua kama tunapima kiwanja chake.

Ukishasoma chake, zamu yako inakuja yenyewe. Sasa kazi ni kuchagua. Usimpe kile unachodhani kitamtia adabu. Mpe kile kilichokufanya uunguze ubwabwa. Changu ni *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, maana mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, ndiye aliyeniingiza kwenye kusoma. Na usitoe kitabu kitupu, kitoe pamoja na habari zake: nani alikuwa nacho, kilifikaje. Nakala yangu alikuja nayo mjomba kutoka Dar, enzi ambazo Daraja la Mkapa bado halijafunguliwa, kabla ya mwaka 2003, basi likisubiri kivuko pale Rufiji na masika abiria wakishuka kusukuma. Doa la kahawia kwenye jalada ni tope la safari ile, au ndivyo mjomba alivyopenda kudai. Mtoto alilitazama hilo doa kwanza kabla ya kufungua ukurasa.

Vile vya kipelelezi vyenye risasi na mabibi wa hotelini, vya miaka ya themanini, viache juu ya kabati. Atavifikia mwenyewe, kama tulivyovifikia sisi.

Kama kazi yako inashika mikono, mtoto na akusomee. Mimi Januari, sare za shule zikirundikana, sina hata mkono wa kushika chai. Binti yangu wa kidato cha kwanza huvuta stuli karibu na dirisha akanisomea huku nikishona. Tulianza na *Adili na Nduguze* cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952. Cherehani ya miguu ina faida moja, msomaji anasikia mwenyewe kama hadithi imekolea. Tulipofika pale Adili anapowachapa manyani wawili usiku, na sababu yenyewe haijulikani, pedeli ilisimama, sindano ikabaki imezama kwenye pindo la sketi ya mtu. "Baba, mbona hushoni?" Nilikuwa najua manyani wale ni nani. Sikusema. Mzazi anayemalizia utamu wa hadithi kwa sababu yeye alishaisoma hastahili kusomewa.

Neno la zamani likimkwaza, mpe maana kwa nusu sentensi, asonge mbele. Mkisimama kila mstari mtakuwa darasani. Na mnapokatiza, katizeni penye moto, siyo mwisho wa sura ambapo kila kitu kimetulia. Kesho atakuja bila kuitwa.

Kuhusu maswali, nina msimamo mkali: usimuulize kitabu kinatufundisha nini. Shuleni ataulizwa sana. Wewe chukua upande. Sema, "Mimi huyu kaka mtu simwamini hata chembe," halafu nyamaza uendelee na shughuli zako. Kama anamwamini atakwambia, na atarudi kwenye kitabu kutafuta ushahidi wa kukushinda nao. Akikichoka kitabu chako baada ya kurasa 20, mwache akirudishe, na wewe una haki hiyo hiyo kwa chake. Usinune. Mtu mzima anayenuna kwa sababu ya kitabu anachekesha.

Bibi yao hasomi, lakini yumo kwenye zamu. Akija kutoka Newala baada ya korosho kuuzwa, anasema "Paukwa!", wanaitika "Pakawa!", na mmoja ana daftari mkononi. Nyimbo za ndani ya hadithi anaimba Kimakonde, ambacho watoto wanakisikia nusu nusu, kwa hiyo wanaandika wanavyosikia na asubuhi wanamsomea arekebishe. Daftari hilo linakaa kwenye rafu moja na vitabu vingine na linaazimwa kwa masharti yale yale.

Sasa utunzaji, maana hapa pwani kitabu kinaliwa na hewa. Usikiegemeze kwenye ukuta wa nje, acha nafasi ya vidole viwili upepo upite. Masika yakiisha vitoe vyote nje, kivulini penye upepo, ukivifungua kurasa. Jua kali linakausha gundi na mgongo unapasuka. Ukungu ufute kwa kitambaa kikavu. Kwenye rafu pitisha mkono kila wiki kutafuta vinjia vya udongo vya mchwa, hasa kama rafu inagusa sakafu.

Kurasa zikichomoka, usikimbilie gundi ya unga, unawapikia mende. Wala usikipitishe kwenye cherehani, matundu ya karibu karibu yanakata karatasi. Panga kurasa sawasawa, zibane kati ya vipande viwili vya mbao, toboa matundu matano tu karibu na mgongo kwa sindano ya magunia, ile wanayoshonea magunia ya korosho. Pitisha uzi mnene wa jinzi kwenda na kurudi, fundo lifungie ndani. Hapo ndipo upake gundi nyeupe ya mafundi seremala kwenye mgongo, kidogo, ubandike ukanda wa kitambaa cha pamba. Kisha weka kitu kizito juu, kilale usiku mzima. Mimi naweka pasi ya mkaa, ikiwa imepoa.