Kabla ya kuzamia Unguja, Pemba au Mafia kwenye likizo ya siku chache

Anza kuhesabu kutoka siku ya kurudi nyumbani, si siku ya kufika. Wengi hulikumbuka hili wakiwa wameshalipia boti. Anayezamia na mtungi huvuta hewa iliyoshindiliwa (ni hewa ya kawaida, si oksijeni tupu kama wengi wanavyodhani), na kadiri anavyoshuka ndivyo naitrojeni iliyomo inavyozidi kuingia kwenye damu na misuli. Kutoka kwake huchukua saa nyingi. Ukipanda juu mapema, shinikizo la hewa hupungua na gesi hiyo hugeuka mapovu mwilini, ambayo huumiza viungo, hupoozesha, na yanaweza kuua. Mwongozo wa Divers Alert Network, shirika la usalama wa wazamiaji, unasema hivi: baada ya mbizi moja, kaa angalau saa 12 kabla ya kupanda ndege, baada ya mbizi kadhaa, au kuzamia siku zinazofuatana, angalau saa 18. Mimi ningeweka saa 24 nikaacha kupiga hesabu.

Na ndege si peke yake. Mwili haujui kama umepandishwa kwa mabawa au kwa magurudumu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Mbeya vivyo hivyo, Arusha mita 1,400, Dodoma zaidi ya 1,100. Aliyezamia Diani asubuhi kisha akawahi treni ya jioni ya SGR kutoka Mombasa, au aliyetoka Unguja kwa boti akaunganisha na basi la usiku la Arusha, anapanda mlima vilevile. Boti ya kwenda Dar yenyewe haina tatizo. Wanaounganisha bahari na Kilimanjaro au Ngorongoro wapande kwanza, wazamie mwisho, halafu waache siku moja kavu kabla ya ndege.

Kwa hiyo likizo ya siku nne hutoa siku mbili za kuzamia, basi. Siku ya mwisho si ya kupoteza: kuogelea juujuu kwa miwani na mrija hakuhusiani na hesabu hii. Mafia, papa potwe wanaoonekana karibu na Kilindoni kati ya Oktoba na Machi hivi hutazamwa kwa namna hiyo hiyo, bila mtungi, kwa hiyo wanafaa sana kuwekwa mwishoni.

Swali la pili ni cheti cha kuzamia. Kama huna, ipo mbizi ya majaribio: unafundishwa mambo machache kwenye bwawa au maji mafupi, kisha mwalimu anakushusha, akikuangalia muda wote, kwenye kina kisichozidi mita 12. Nusu siku au siku nzima, imekwisha. Kozi kamili ya mwanzo, ile ya kukuruhusu kushuka hadi mita 18, huchukua siku tatu au nne, na humo mna masomo, mazoezi ya bwawani, mbizi nne za baharini, na mtihani wa kuogelea mita 200 na kuelea dakika 10. Ukiianza Unguja ukiwa na siku nne, likizo yako yote ni shule. Anayeitaka kweli asome nadharia nyumbani kwa intaneti, na akipata mwalimu mjini kwake amalize bwawa huko huko, aje na barua ya kuthibitisha, abakize mbizi za baharini tu. Watoto huanzia miaka 10. Na mwenye cheti ambaye hajagusa maji kwa mwaka au zaidi aombe mbizi ya kujikumbusha. Kituo kinachokupeleka mita 18 bila kuuliza mara ya mwisho ulizamia lini hakikufai.

Kabla hujaondoka, omba fomu ya afya ya kituo na uisome kwa utulivu. Inauliza pumu, moyo, kifafa, kisukari, upasuaji wa karibuni, masikio, ujauzito. Jibu la “ndiyo” kwenye baadhi ya maswali hayo linataka sahihi ya daktari, na kumtafuta daktari Nungwi saa moja asubuhi boti ikisubiri ni kazi bure. Wapo wanaoamua kujaza “hapana” kote ili wasiachwe ufukweni. Pumu haidanganyiki kwa kalamu. Mjamzito asizamie kabisa. Anayemeza mefloquine kujikinga na malaria azungumze na daktari abadilishiwe, kwa sababu kizunguzungu na wasiwasi inayoweza kuleta hufanana na dalili za ugonjwa wa kuzamia, ule wa mapovu mwilini. Mafua nayo, hata madogo, huziba njia ya kusawazisha masikio. Ukilazimisha, ngoma ya sikio inaweza kupasuka. Ndiyo maana ni vizuri kuweka mbizi siku ya pili na ya tatu, ili ukiamka na kamasi uwe na pa kusogea.

Sasa bahari yenyewe. Kwa siku chache, Unguja ndiyo rahisi, na pa kulala huamua pa kuzamia. Ukiwa Nungwi, Kendwa au Matemwe, karibu kila kituo kitakupeleka Mnemba: matumbawe, kasa, maji yanayomfaa anayeanza, na boti nyingi mno siku za msimu. Omba safari ya mapema. Ukiwa Mji Mkongwe usidhani umekosa. Miamba ya Bawe na Murogo iko karibu, na kuna mabaki ya Great Northern, meli ya kutandaza nyaya za simu baharini iliyozama mwaka 1902, kwenye kina cha mita 12 hivi. Pemba ni nzuri kuliko zote kwa macho yangu, lakini kuta zake za matumbawe hushuka kizani na mikondo yake ina nguvu. Si mahali pa mbizi ya kwanza, wala pa kwenda mbio kwa siku mbili. Mafia, yenye hifadhi ya bahari tangu 1995, inafaa kwa anayetoka Dar moja kwa moja na kukaa Utende siku zote. Kuchanganya visiwa viwili kwenye siku nne ni kuzamia viwanja vya ndege.

Upepo nao una neno. Kusi ikivuma, Juni hadi Agosti, upande wa mashariki huchafuka na boti hutafuta pa kujikinga. Kaskazi nayo huweza kuusumbua upande wa kaskazini mwezi Januari. Maji hutulia zaidi tangambili ya Oktoba na Novemba, kisha tena Februari na Machi kabla ya masika. Aprili na Mei baadhi ya hoteli na vituo hufunga. Angalia mwezi wa angani pia: siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, pwani ya Matemwe hukauka mbali sana, na saa ya boti kuondoka hufuata maji, si saa ya hoteli. Maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, huleta mikondo midogo, jambo jema kwa mgeni.

Ukiandikia kituo, usianze na bei. Uliza mwalimu mmoja anachukua watu wangapi (wa majaribio wakizidi wanne, kataa), kama boti ina oksijeni ya dharura na redio, na chumba cha shinikizo cha karibu kinachofanya kazi, cha kutibia ugonjwa wa kuzamia, kiko wapi. Anayejibu bila kuzungukazunguka ndiye wa kulipa. Ndipo ufike kwenye bei: je, imo ada ya hifadhi, vifaa, usafiri kutoka hotelini, chakula? Bei nyingi hutajwa kwa dola. Mtanzania au mkazi aulize bei ya wakazi waziwazi, haitolewi bila kuombwa. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 wageni kutoka nje hulipa Zanzibar bima ya safari ya dola 44, lakini soma bima yoyote uliyonayo kama inataja kuzamia na mwisho wa kina.

Wanawake wanaojisitiri huuliza kuhusu mavazi: suti ndefu ya kuzamia na kofia yake ya kubana hufunika mwili wote ila uso, viganja na nyayo, na kipupwe maji yakishuka hadi digrii 25 hivi utaishukuru. Taja kipimo chako mapema, suti kubwa huwa chache. Kwa aliyefunga Ramadhani ningesema aahirishe, kwa kuwa mwili uliokaukiwa maji hudhaniwa kutoa naitrojeni vibaya zaidi. Mwenye miwani aulize kama kuna barakoa za kuzamia zenye lenzi za miwani.

Na kabla ya kutuma malipo ya awali, pata kwa maandishi nini kitatokea nahodha akighairi kwa sababu ya upepo: fedha zinarudi, au unahamishiwa siku ambayo tayari uko angani?