Kabla ya tamasha la kiangazi kartiyeni: umeme kwanza, nyota baadaye

Hapa Lubumbashi muziki wa uwanjani una msimu wake. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa mvua hupotea, na kamati za kartiye (yaani mtaa) hulenga mwezi wa saba au wa nane, watoto wakiwa likizo. Kikao cha kwanza kwa kawaida hukwama kwenye ubishi wa nani atapanda jukwaani mwisho. Ningekuwa mwenyekiti, ningeanza na swali la umeme, maana bila huo hata nyota wa Kinshasa atabaki kupiga makofi na sisi.

Umeme wa mtaani usiutegemee. Hata usipokatika, jioni nguvu yake hushuka kila nyumba inapowasha jiko, na amplifaya haipendi hilo. Kodi jenereta, na muulize mwenye nayo ina kVA ngapi, yaani kipimo cha uwezo wake; usikubali kuambiwa tu kwamba "ni kubwa". Ya kVA 20 hutoa takriban kilowati 16, nawe usiibebeshe zaidi ya robo tatu ya hizo. Friji za wauza vinywaji zisichomekwe hapo kamwe: kila mota ya friji inapoamka huvuta umeme kwa pupa, na spika zinakohoa. Wao wawe na jenereta yao. Moshi nao uende upande usio na watu. Upepo wa kiangazi kwetu hutoka zaidi kusini-mashariki.

Halafu kuna waya wa ardhini, ambao hata mafundi hodari huupuuza. Nondo ya chuma inayofungwa waya huo huchomekwa kwenye udongo mwekundu uliokaa miezi miwili bila tone la mvua, na udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Matokeo yake mwimbaji anashika gitaa, anasogeza mdomo kwenye maikrofoni, na umeme unampiga midomoni. Chimba kishimo kuizunguka nondo, mwaga ndoo ya maji ya chumvi usiku wa kuamkia tamasha, rudia asubuhi, ndipo fundi apime. Dai pia disjonkta inayokata umeme ukivuja. Fundi akikuambia ni gharama ya bure, tafuta fundi mwingine.

Kundi la karindula, lile banjo kubwa la pipa, likiwemo (na tamasha la kartiye bila karindula sijui ni la nini), lipange mapema, jua lingali juu. Ngozi ya mbuzi iliyowambwa kwenye lile pipa hulegea unyevu wa usiku unapoingia, na sauti inazama. Wakichelewa kupanda, wawekewe mbabula ya makaa nyuma ya jukwaa wakaze ngozi, mbali na nyaya na mafuta. Maikrofoni ya pipa isitazamane na spika, la sivyo mtasikia mngurumo tu.

Mwezi wa saba jua huzama karibu saa kumi na mbili jioni, na usiku baridi inaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Kwa hiyo anzeni saa nane mchana na mfunge saa tatu usiku. Kwenye tangazo waambieni watu waje na jaketi, na mama mwenye mtoto aje na blanketi. Uwanja umwagiwe maji kabla ya watu kuingia na tena jioni, vinginevyo vumbi litawamaliza waimbaji koo.

Kibali cha komini (manispaa) na taarifa kwa polisi viandikwe mapema, mbaki na nakala yenye muhuri. Haki za watunzi zinapitia SOCODA, shirika la hakimiliki la Kongo.

Milango isichezewe. Mwaka 2022, kwenye tamasha katika Stade des Martyrs mjini Kinshasa, watu 11 walipoteza maisha katika msongamano. Uwanja wetu ni mdogo, lakini ukuta wenye geti moja ni hatari hata kwa watu mia chache. Fungueni angalau njia mbili za kutokea, zisizibwe na meza za michopo (nyama choma) wala pikipiki. Manseba, madereva wa pikipiki za abiria, wapewe sehemu yao ya kusubiri barabarani, yenye taa, watu wapate usafiri bila kubanana getini. Watu wa Msalaba Mwekundu wakae panapofikika kwa gari.

Mwisho ni fedha. Simu mia kadhaa zikikusanyika uwanja mmoja mtandao huelemewa, na malipo ya simu yanakwama mlangoni, foleni inarefuka. Uzeni tiketi tangu siku za kabla, na mlangoni wekeni franga ndogondogo za kurudishia. Wapigaji wanaolipwa kwa dola wapewe noti safi, kila moja ikaguliwe mbele yao, kwa sababu yenye mchaniko mdogo tu pembeni hakuna duka litakaloipokea kesho yake.