Jinsi ya kutumia themometa ya nyama kwa kuku, kababu na mishkaki

Kuku wa kupaka akiwa juu ya makaa ndio hudanganya watu sana, nje keshababuka vizuri, tui lanukia mpaka kwa jirani, ukimpasua paja pale karibu na mfupa ndani bado mbichi. Na wengi wetu twapima kwa macho tu, ama twamdunga na uma tuone maji yanatoka rangi gani. Hio haitoshi jamani. Kuku mchanga aweza kubaki mwekundu karibu na mfupa na ilhali ameiva, na kima ya ng'ombe nayo yaweza kugeuka kahawia mapema kabla vijidudu havijafa. Cha kuangalia ni joto la ndani.

Tafuta themometa ya jikoni ya dijitali, ile yenye sindano nyembamba ya chuma. Sio ya kupimia homa, hio mwisho wake ni kama digrii 42 za Selsiasi tu. Ukishaipata ijaribu kwanza: jaza barafu kwenye gilasi, tia maji kidogo, koroga, ngoja dakika chache, alafu zamisha sindano katikati bila kugusa gilasi, yapasa isome 0. Kisha ijaribu kwenye maji yanayotokota. Sisi hapa Mombasa tuko usawa wa bahari kwa hivyo isome 100 au karibu sana na hapo, mtu wa Nairobi akijaribu atapata kama 94 au 95 kwa sababu ya mwinuko na yake wala si mbovu. Ikiwa yako yapunguza digrii mbili, basi kumbuka kuziongeza kila ukipima.

Sasa kupima kwenyewe, na hapa ndipo pa kutulia. Kuku mzima mdunge kwenye paja upande wa ndani, pale penye mnofu mnene, na usiguse mfupa kwani namba itakuongopea. Ingiza sindano mpaka ipite katikati kidogo halafu ivute taratibu nje huku waangalia, ile namba ya chini kabisa utakayoiona ndio joto la kweli la nyama yako. Kisha pima na kidari. Kuku lazima afike 74 kila mahali, hata kama sehemu moja imefika 80 na nyingine iko 68 bado mrudishe motoni, na makaa hayachomi sawa kwa hivyo mgeuzegeuze.

Kababu na mishkaki usidunge kutoka juu, ni vidogo mno, ingiza ubavuni mpaka ncha ifike katikati, na kwa mishkaki chagua kipande kikubwa na ukae mbali na kile chuma. Kababu za ng'ombe ama mbuzi ni 71, za kuku ni 74 vilevile. Watu huniuliza mbona kima yataka joto zaidi kuliko nyama ya kipande wakati ng'ombe ni mmoja. Ni kwamba kwenye kipande vijidudu kama E. coli kwa kawaida viko juujuu na moto waviua haraka, lakini ikishasagwa ile ya nje yote imeingia ndani. Ndio kipande kizima cha ng'ombe au mbuzi yatosha 63, ukitoe motoni ukiache dakika tatu kabla ya kukata. Samaki pia 63. Najua mbuzi wa 63 wengi wetu hatumli, twataka alainike, na ile minofu migumu hailainiki mpaka ikae kwenye 90 na kitu, sawa kabisa, 63 ni ya usalama tu.

Kila ukitoa sindano kwenye nyama isiyoiva ioshe kwa sabuni na maji moto kabla ya kudunga tena. Na usiiache motoni, plastiki itayeyuka.

Chakula kikibaki usikilaze mezani. Kawaida ni masaa mawili kiwe kwenye friji, lakini joto letu likipita 32, kama Februari na Machi, ni saa moja tu. Kesho ukipasha biriani ya kuku au mchuzi, koroga vizuri kisha pima katikati ya sufuria na hata katikati ya kipande kikubwa, hapo pia ifike 74.