Kuwavusha Vyura wa Bustanini Katika Baridi Kali ya Uingereza

Mkulima wa mboga nchini Uingereza ambaye majira ya joto vyura walimpunguzia konokono kwenye saladi, kisha mwezi Februari akawakuta wakielea bwawani wamevimba, kwa kawaida hulaumu baridi. Mara nyingi vyura hao wamekufa kwa kukosa hewa, na chanzo chake ni majani yaliyoachwa yaozee majini tangu Oktoba.

Aliyekulia Afrika Mashariki anajua jinsi vyura wanavyopotea kiangazi na kuibuka mvua za kwanza zinaponyesha. Huku Ulaya wanachokimbia ni jalidi. Chura wa kawaida, Rana temporaria, hujipenyeza chini ya gogo, ndani ya lundo la mboji au kwenye nyufa za ukuta wa mawe, ingawa baadhi, hasa madume, hubaki kwenye tope la bwawa. Chura mwenye vipele, Bufo bufo, hupendelea nchi kavu. Ukiinua gogo mwezi Januari unaweza kumkuta amekunja miguu chini ya tumbo, macho yamefumbwa, mwili baridi kama jiwe la mtoni, nawe ukadhani amekufa. Lirudishe gogo taratibu kama lilivyokuwa.

Kwa walio bwawani hesabu ni nyingine. Maji huwa mazito zaidi yakiwa na nyuzi joto 4 za Selsiasi, kwa hiyo yale ya chini hukaribia kiwango hicho hata juu kukiwa kumeganda, na chura aliyetulia huko hujipatia oksijeni kupitia ngozi yake. Theluji ikilala juu ya barafu kwa wiki kadhaa, kama ilivyokuwa sehemu nyingi za nchi Desemba 2010, mwanga hauingii, mimea ya majini haitengenezi tena oksijeni, na majani yanayooza humaliza ile iliyobaki huku yakitoa gesi zenye sumu.

Basi kazi kubwa ifanyike kabla ya baridi: tandaza wavu juu ya bwawa majani yanapoanza kupukutika, punguza tope, na hakikisha sehemu moja ina kina cha sentimita 60 hivi. Lundo la mboji ligeuzwe mapema, kwa sababu uma wa shamba ukichomekwa humo Desemba hauchagui. Kabla ya kuchoma matawi, yahamishie penginepo kwanza.

Barafu ikishafunga, ifagie theluji ukiwa umesimama ukingoni, wala usiipige kwa nyundo, maana mshtuko wake huwafikia waliomo. Chumvi na dawa za kuyeyusha barafu zisikaribie kabisa. Wakionekana mizoga theluji inapoyeyuka, iopoe mara moja, na vuli ijayo uchote tope la nusu ya bwawa tu, ili wadudu waliobaki upande wa pili wapate kulijaza tena.