Somo: Viza ya Schengen baada ya ada kupanda, na kwa nini malipo yaje mwisho

Habari zenu wanachama. Wengi mmeuliza kuhusu safari za Ulaya, na wengine bado wanapeana hesabu za zamani. Ada ya viza ya muda mfupi ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ilikuwa yuro 60, Februari 2020 ikawa 80, na tangu tarehe 11 Juni 2024 mtu mzima analipa 90. Mtoto wa miaka 6 hadi 11 analipa 45. Aliye chini ya miaka 6 halipi. Juu yake kuna ada ya huduma ya kituo kinachopokea maombi. Sheria inaitaka Tume ya Ulaya iipitie ada hii kila miaka mitatu, kwa hiyo aliyesafiri zamani asiwe ndiye kipimo chako.

Lishikeni hili: pesa hiyo inalipia kushughulikiwa kwa ombi, si viza. Ukinyimwa, hairudi. Anayekwambia "lipa kwanza, karatasi tutazipanga baadaye", mkimbie.

Hatua ya 1: Jua unaomba kwa nani. Nchi za Schengen sasa ni 29, baada ya Bulgaria na Romania kuingia kikamilifu Januari 2025. Uingereza na Ireland hazimo. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, kwa nchi utakayoingia kwanza. Siku 6 Ujerumani na 3 Ufaransa, ombi ni la Ujerumani hata kama ndege inatua Paris. Msitafute "ubalozi laini". Afisa akisoma bukingi za hoteli anaona mara moja kwamba safari ni ya nchi nyingine. Si kila nchi inapokea maombi Dar es Salaam, kwa hiyo ulizia mapema kama utalazimika kwenda Nairobi.

Hatua ya 2: Pasipoti. Iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibaki hai angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka Ulaya, na iwe na kurasa 2 tupu.

Hatua ya 3: Tarehe. Ombi linapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, mwisho siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida ni ndani ya siku 15, lakini wanaruhusiwa kufika 45. Miadi yenyewe ndiyo inayokula muda, hasa kwa wanaosafiri Juni hadi Agosti. Mimi nashauri uanze miezi 3 au 4 kabla.

Hatua ya 4: Vielelezo. Hapa ndipo watu wanapoangukia. Bima ya safari iwe ya yuro 30,000 au zaidi, ihusu nchi zote za Schengen na siku zote za safari. Tiketi usilipie bado, bukingi inatosha. Mwajiriwa alete barua ya mwajiri inayotaja mshahara na likizo. Mfanyabiashara asiye na mshahara asijione mnyonge: leseni, namba ya mlipakodi, risiti za kodi na stetimenti ya biashara vinasimama vizuri.

Sasa stetimenti ya benki. Afisa haangalii salio la mwisho peke yake, anaangalia mwenendo. Akaunti iliyokuwa na laki tatu miezi yote, kisha wiki moja kabla ya miadi ikaingia milioni kumi, inaleta maswali. Kama ni pesa halali ya kuuza kiwanja, ambatanisha hati ya mauziano na barua fupi ya maelezo. Kama ni ya kuazima ili ionekane tu, acha. Na karatasi ya kughushi kutoka kwa vishoka ni hatari kuliko kukosa karatasi, maana kumbukumbu yake inakufuata kwenye maombi yajayo.

Hatua ya 5: Vidole na malipo. Alama za vidole zikichukuliwa hutumika tena kwa miezi 59. Watoto chini ya miaka 12 hawachukuliwi. Sasa ndipo unapolipa, kwenye dirisha au akaunti rasmi, na risiti unaitunza.

MASWALI YA WANACHAMA

*Kutoka Goma: Nina pasipoti ya Kongo. Napitia Brussels kwenda Kanada, sitoki uwanjani. Nahitaji viza?*
Kongo (DRC) imo kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake wanahitaji viza ya kupita uwanjani, pamoja na Somalia na Ethiopia. Lakini mwenye viza hai ya Kanada, Marekani au Japani amesamehewa. Hakikisha tu mizigo inakwenda moja kwa moja. Ikibidi utoke eneo la abiria wa kimataifa kuichukua, msamaha huo haukusaidii.

*Shikamoo mwalimu. Mume wangu ni Mfaransa, tunakwenda Uhispania pamoja. Nalipa 90?*
Marahaba dada. Hapana. Mke wa raia wa Umoja wa Ulaya anayefuatana naye kwenda nchi nyingine ya Umoja halipi ada ya viza, na ombi lake linatakiwa lishughulikiwe haraka. Peleka cheti cha ndoa na nakala ya pasipoti yake. Mkienda Ufaransa kwenyewe, sheria ya Ufaransa ndiyo inayotumika, hivyo ulizeni ubalozi wao.

*Mjomba ana pasipoti ya Kanada. Tumesikia atalipa yuro 20.*
Hiyo ni ETIAS, kibali cha wasiohitaji viza, kilichopangwa kuanza robo ya mwisho ya 2026. Walio chini ya miaka 18 na waliozidi 70 hawatalipa. Sisi wa pasipoti za Tanzania, Kenya au Uganda haituhusu. Tunaendelea na viza.

*Nimenyimwa. Nijaribu ubalozi wa nchi nyingine?*
Pole sana ndugu. Balozi zote za Schengen zinatumia hifadhi moja ya kumbukumbu, watakuona. Soma fomu ya kunyimwa: sababu imewekewa alama, na haki ya kukata rufaa imeandikwa humo. Kama walitilia shaka kurudi kwako, ombi jipya lenye karatasi zilezile ni yuro 90 nyingine zimepotea.

*Siku ya kutua inahesabiwa?*
Ndiyo, na ya kuondoka pia. Kikomo ni siku 90 ndani ya siku 180 zozote, au pungufu kama viza inavyosema. Tangu Oktoba 2025 mfumo wa EES, unaoandika kwa kompyuta kila kuingia na kutoka, umeanza kuchukua nafasi ya mihuri mpakani, kwa hiyo hata siku moja ya ziada inaonekana.

*Mimi nafuata bidhaa mara kwa mara. Kila safari nilipe upya?*
Ukiwa umepata na kutumia vizuri viza 3 ndani ya miaka 2, kanuni inaelekeza upewe ya kuingia mara nyingi ya mwaka 1. Baada ya hiyo inafuata ya miaka 2, kisha ya miaka 5, mradi pasipoti iwe na uhai wa kutosha. Weka nakala za viza zako za zamani kwenye ombi, na katika fomu chagua kuingia mara nyingi.