Namna ya Kutunga Kanuni za Uwajibikaji kwa Jamii katika Chama cha Hiari cha Wafanyabiashara

Chama kinachotaka wanachama wake wawajibike kwa jamii kianze na madhara yanayotokana na biashara zao wenyewe, si na misaada. Madawati ya shule na mashuka ya zahanati ni mambo mema, lakini hayamfidii mfanyakazi anayepulizia dawa bila vifaa vya kujikinga, wala kijiji kinachochota maji chini ya kiwanda. Kwa hiyo, kabla ya kuandika kifungu chochote, kamati iwasikilize wafanyakazi, majirani na viongozi wa mtaa, kisha iyaandike madhara hayo bila kuyapamba.

Kenya kuna mfano wa karibu. Kenya Flower Council iliundwa mwaka 1996 na wakulima na wasafirishaji wa maua waliojiunga kwa hiari, ikatunga kanuni zinazogusa viuatilifu, matumizi ya maji na hali za wafanyakazi, na mashamba ya wanachama hukaguliwa kwa kanuni hizo. Kujiunga ni hiari; kutii baada ya kujiunga si hiari tena, na jambo hili liandikwe waziwazi katika katiba ya chama.

Kila kanuni ipimike. Kifungu kinachosema kwamba mwanachama atajali mazingira hakikaguliki, ilhali kinachomtaka apime majitaka kila mwezi kabla ya kuyaachia mtoni, na kutunza matokeo, kinaweza kukaguliwa na mtu yeyote mwenye ujuzi.

Sehemu ngumu zaidi ni ukaguzi na adhabu, na ndipo vyama vingi hulegea, kwa kuwa ni vigumu kumwadhibu mwenzako anayelipa ada kubwa. Baada ya gesi ya sumu kuvuja huko Bhopal, India, Desemba 1984 na kuua maelfu ya watu, chama cha kampuni za kemikali cha Kanada kilianzisha mwaka 1985 mpango wa Responsible Care, yaani ahadi za kampuni za kemikali za kulinda afya, usalama na mazingira, ambao baadaye ulienea hadi Marekani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba kampuni za Marekani zilizojiunga hazikuwa zikipunguza uchafuzi kwa kasi kuliko zile zilizobaki nje, na watafiti wakahusisha hali hiyo na mpango kukosa adhabu. Baadaye chama cha kampuni za kemikali cha Marekani kikadai uthibitisho wa wakaguzi huru. Mkaguzi, basi, atoke nje ya chama, alipwe kutoka mfuko wa pamoja, na adhabu zipande kwa ngazi: onyo, muda wa kurekebisha, kusimamishwa, kisha kufutwa uanachama na jina kutangazwa.

Wafanyabiashara wadogo wapewe muda mrefu zaidi na mafunzo, na ada ifuate ukubwa wa mauzo, la sivyo kanuni zitakuwa ukuta wa kuwazuia. Hatimaye, kanuni zibandikwe kwa Kiswahili kwenye lango la kila mwanachama, pamoja na namba ya simu ya kupokea malalamiko, inayopokelewa na mtu asiyeajiriwa na kampuni husika.